Shajara ya mradi: mvua inaingia kwenye kebini na mimi naitafuta inakopita

SIKU YA 1

Usiku kucha imenyesha. Si mvua ya kutisha, ya kawaida tu, ila asubuhi nilivofungua mlango wa kebini harufu ya uvundo ikanipokea palepale mlangoni, nikaingiza mkono nikagusa godoro la upande wa kushoto, limelowa chapachapa kuanzia begani mpaka katikati. Hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza nilijua nimeacha dirisha wazi, mara ya pili nikasema labda ni umande, sasa hapana, mashua inavuja na nimeamua hairudi majini mpaka nijue maji yanapita wapi. Nitaandika kila hatua hapa, na yale yatakayoshindikana nitayaandika pia maana mara nyingi hayo ndo yanamsaidia mwenzako.

Kwa asiyeijua mashua yenyewe: ni ya faiba, urefu mita 7 kasoro kidogo, mlingoti mmoja uliosimama juu ya paa la kebini (haushuki mpaka kwenye mkuku, ule uti wa chini wa mashua), ndani vitanda viwili na kameza. Ni ya zamani na imepita mikononi mwa watu kadhaa kabla yangu. Sa hivi iko nchi kavu juu ya trela.

Kabla ya kugusa chochote nimeonja yale maji. Ni maji baridi, hayana chumvi kabisa. Na kwenye ngama, pale chini kabisa ndani ya mashua maji yanapojikusanya, nimechota kama lita 6. Nikapiga hesabu: mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye mita mraba 1 ni lita 1 kamili, na sitaha yangu pamoja na paa la kebini haipungui mita mraba 12, kwahiyo mvua ya milimita 20 ni lita 240 zimepita juu ya mashua usiku mmoja. Lita 6 kati ya hizo zimepata njia. Kitundu cha kupitisha lita 6 usiku kucha hakihitaji kuwa kikubwa, hata jicho la sindano linatosha, na ndo maana kukitafuta kwa macho tu ni kazi bure.

SIKU YA 2

Nimetoa kila kitu. Magodoro, majaketi ya kuokolea, kamba, tanga la akiba, mbao za sakafu, vyote nje juani. Halafu nikabandua dari, zile bodi nyembamba zilizofunikwa kitambaa, zimeshikiliwa na skrubu ndogondogo, nimezihesabu zote na kuziweka kwenye kopo.

Kilichonisikitisha ni silikoni. Kumbe waliotangulia kila palipovuja walikuwa wanapaka silikoni kwa nje, juu ya uchafu, juu ya silikoni nyingine ya zamani. Kuzunguka kila nguzo ya reli (ile ya kujishikia ukingoni mwa sitaha) kuna kola ya silikoni iliyokauka imepasuka, ukiivuta na kucha inatoka yote kama ngozi ya nyoka. Yaani haikuwahi kushika. Na ubaya wa silikoni ni kwamba hata ukiitoa inaacha utando ambao hauonekani, rangi haishiki pale, gundi haishiki, hata silikoni mpya haishiki vizuri. Hapo nina kazi ya msasa ambayo sikuipangia.

Kuna mtu ataniuliza una uhakika gani kama sio jasho tu la ndani, hewa yenye unyevu ikigusa faiba ya baridi inageuka matone. Swali la haki kabisa. Jasho linatokea popote penye ubaridi, kwenye vyuma, kwenye vioo, pande zote mbili, hata bila mvua. Yangu inalowa kushoto tu na ni baada ya mvua tu. Ila nimebandika tishu sehemu kumi na mbili ndani ili nione usiku wa leo na kesho, hakuna dalili ya mvua.

SIKU YA 4

Tishu zote kavu baada ya usiku mbili. Kwahiyo si jasho.

Leo nimepima na mpira wa maji. Kabla sijafungua bomba nilichukua pima maji nikaiweka kwenye sitaha, nikakuta kwenye trela mashua imeinua omo, yaani mbele yake, juu sana, ikiwa majini hainui hivo. Hili nilikuwa silifikirii kabisa. Maji yanayoingia yanatembea juu ya dari kufuata mteremko, ukibadilisha mlalo wa mashua unabadilisha pa kudondokea. Nikashusha gurudumu la mbele la trela na kuweka kabari mpaka ule mstari wa rangi unaoonyesha kina cha maji ukawa sawa kama inavoelea. Ukitafuta uvujaji mashua ikiwa imelala vibaya utajikuta unafukuza kivuli.

Utaratibu wa mpira ni kuanzia chini kwenda juu. Ukianza juu ya paa maji yatashuka yalowanishe kila kitu na hutajua ni yapi yameingia wapi. Kwahiyo nimeanza na maungio ya sitaha na kiwiliwili, pale kwenye ukingo, dakika 15 kila sehemu, mdogo wangu yuko ndani na tochi anagusa tishu moja moja. Maungio: kavu. Chuma cha kufungia kamba omoni: kavu. Madirisha, kavu kulia, na la kushoto likatoa tone moja pembeni chini. Nikafurahi nikasema nimelipata, maana hilo dirisha ndo nilikuwa nalituhumu siku zote, liko juu ya godoro kabisa.

Ila tone moja kwa dakika 15 haliwezi kulowesha godoro zima. Tukaendelea. Tulivofika nguzo ya pili ya reli, upande wa kushoto, dakika kumi hakuna kitu, kumi na tano hakuna, nikamwambia mdogo wangu toka tunywe maji, na wakati anageuka akaita "Kaka, njoo uone, hapa pamelowa." Palipolowa ni juu ya godoro, pale pale pa siku zote. Na mimi nilikuwa nimesimama na mpira mbali kidogo, mbele kabisa.

Nilipima na futi. Sentimita 90 kutoka kwenye nguzo mpaka kwenye tone.

SIKU YA 5

Sikutaka kuamini kirahisi kwahiyo nimerudia kwa njia nyingine mbili.

Ya kwanza rangi. Nimezungushia kitako cha ile nguzo ukuta mdogo wa udongo wa kuchezea watoto, kama bwawa dogo hivi, nikajaza maji yenye rangi nyekundu ya chakula. Halafu nikaingia mwenyewe nikalala chali kitandani na tochi, uso karibu na dari. Nimelala pale dakika ishirini na kitu. Kwanza ncha ya boliti, pale inapotokeza chini ya nati, ikapata mng'ao. Kisha ukaonekana uzi mwekundu unashuka kwenye meno ya boliti, unafuata mzunguko wake taratibu, ukifika kwenye nati unasimama, unanenepa, alafu badala ya kudondoka unaivuka washa na kulala kwenye faiba, na kutoka hapo unatambaa kama chungu kufuata mkunjo wa sitaha kuelekea shetri, yaani nyuma, umeng'ang'ania dari hauachii, mpaka ukutane na ubao wa kupigilia bodi za dari. Kwenye huo ubao ndo unakata tamaa unadondoka. Juu ya godoro. Nimeangalia matone matatu yakifanya safari hiyohiyo.

Nimekuwa na hii mashua muda wote huo nikitazama dirisha.

Ya pili ni upepo. Nimechukua bloa ya kupulizia majani, nikaziba mlango wa kebini na kadibodi na tepu, nikatoboa nafasi ya mdomo wa bloa, nikaziba na matundu ya hewa. Bloa iende polepole tu, usiiachie nguvu yote unaweza kung'oa dirisha. Kebini ikijaa hewa unazunguka nje na chupa ya kupulizia maji ya sabuni, unapulizia kila kitako, kila skrubu, kila ukingo. Penye tundu patatoa povu. Hii njia naipenda kuliko zote maana inakuonyesha upande wa nje, palepale maji yanapoingilia, hakuna kubahatisha. Majibu: nguzo ya pili kushoto inatoa povu kubwa kwenye boliti mbili kati ya nne. Nguzo ya tatu, povu dogo. Dirisha la kushoto, pembe ya chini. Mbao za kushikia juu ya paa, skrubu moja. Mlango wa juu wa omoni, upande mzima wa mbele. Na pale waya za taa za mlingoti zinapoingilia kwenye paa, povu dogo dogo kama la samaki.

Sehemu sita. Nilidhani moja.

SIKU YA 6 NA 7

Kung'oa nguzo ni kazi ya watu wawili, mmoja ndani na spana kwenye nati, mwingine nje anashika kichwa cha boliti na bisibisi kisizunguke. Nati mbili zilitoka, mbili zilikuwa zimeganda nikazikata.

Kitako kilivoinuka nikaona kilichokuwa kinaendelea. Chini yake rangi ya kahawia, na boliti moja ya stenlesi imeliwa katikati, pale ilipokuwa imefichwa ndani ya sitaha, juu inang'aa na chini inang'aa ila katikati imekonda na ina vishimo. Watu wanadhani stenlesi haipati kutu. Inapata, ikikaa kwenye maji yaliyotuama bila hewa, kwasababu ule utando unaoilinda unahitaji oksijeni. Hiyo boliti ndo ingemshikilia mtu akiegemea reli baharini. Kwahiyo kwangu mimi hili jambo limeshatoka kwenye habari ya godoro.

Sitaha ya mashua nyingi za aina hii ni kama mkate uliobanwa: faiba juu, faiba chini, katikati ubao mwepesi wa balsa. Inakuwa ngumu na nyepesi. Sasa tundu la boliti likitobolewa moja kwa moja bila kulindwa, maji yakipita kidogo tu yananywewa na huo ubao kabla hayajafika ndani ya kebini. Maana yake siku unayoona tone kitandani, ubao umeshakunywa muda mrefu. Nimeingiza bisibisi kwenye tundu nikachokonoa, ikatoka uji mweusi, laini, unanuka kama majani yaliyooza chini ya maji. Nikagonga sitaha kuzunguka pale na mpini wa bisibisi, mlio mzima ni mkali, ko ko ko, na penye kuoza mlio unazama, unakuwa butu. Nimeweka alama ya penseli pote palipo butu. Ni duara la kama sentimita 15 kuzunguka boliti mbili. Namshukuru Mungu, ingeweza kuwa sitaha nzima.

Nguzo ya tatu nimeing'oa pia, ubao wake umelowa ila haujaoza, ni mgumu bado.

SIKU YA 8

Nimekata. Badala ya kutoboa vitundu na kumimina gundi juu ya ubao uliooza nimekata ngozi ya juu ya faiba ile sehemu ya duara na kuiinua kama kifuniko, nikakwangua balsa yote mbovu mpaka nikakuta mbao nyeupe kavu. Faiba ya chini sikuigusa. Kifuniko nimekiweka pembeni kirudi hapohapo.

SIKU YA 9 MPAKA 16

Kukausha. Feni, taa ya joto kwa mbali, turubai juu yake mvua isiingie. Kila usiku nabandika karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga juu ya shimo, tepu pande zote, asubuhi naangalia kama kuna matone upande wa chini wa nailoni. Siku ya 15 hakuna, ya 16 hakuna. Kuna wanaomwaga asitoni kwenye ubao ili ukauke haraka. Mi sikufanya, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka unajaa chini kwenye kebini na cheche moja inatosha.

SIKU YA 17

Epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu. Kwanza nimepaka ile nyepesi kwenye kuta za balsa iliyobaki mpaka ikaacha kunywa. Kisha kipande kipya cha balsa nimekikata kwa umbo la shimo, ila pale boliti zitakapopita sijaweka ubao kabisa, nimejaza epoksi iliyochanganywa na unga wa silika mpaka ikawa nzito, ukigeuza kijiti haidondoki. Nimechanganya kidogokidogo maana epoksi ikiwa nyingi kwenye kopo moja inajipasha moto yenyewe na kuganda mkononi, na ukijaza shimo nene kwa mkupuo mmoja inaweza hata kutoa moshi. Kifuniko kikarudi, mifuko ya mchanga juu yake.

Nguzo ya tatu, ambayo ubao wake ni mzima, nimeikausha hivohivo na kuifanyia njia fupi: tundu la milimita 6 nimelipanua kuwa 12, nimekunja msumari ncha yake nikaufunga kwenye drili nikala balsa kidogo kuzunguka tundu kati ya faiba mbili bila kupanua ngozi, tepu chini, epoksi juu. Ikishakauka unatoboa tena 6 katikati. Sasa boliti inapita ndani ya bomba la epoksi, hata siku moja ikivuja ubao hautajua.

SIKU YA 19

Asubuhi nimeosha ule utando wa mafuta unaobaki juu ya epoksi kwa maji na sponji, nikapiga msasa, nikatoboa.

Sasa suala la nini cha kuzibia, na hapa nina msimamo. Wazee wetu wa vyombo vya mbao walikuwa na kalafati, pamba na mafuta inapigiliwa kwenye maungio, na ilifanya kazi kwasababu ilibaki laini, ubao unavimba na kunywea na yenyewe inafuata. Kwa kitu cha boliti kwenye faiba ninachoona kinafanana na hiyo ni mkanda wa butili. Haukauki. Unabaki kama gamu kwa miaka, unanyooka na kurudi. Ile gundi ya poliuritheni ya kwenye bomba ni nzuri sana ila inashika kufa na kupona, siku unataka kufungua nguzo unang'oa na ngozi ya faiba. Hiyo ni ya vitu ambavyo hutavifungua tena. Poliusulfidi ni nzuri kwa vyuma, ila isiguse madirisha ya plastiki, ya akriliki wala polikabonati, inayala. Na silikoni nimeshasema.

Nilivofanya: kila tundu la boliti, mdomo wake wa juu nimeunoa na ncha ya drili pana uwe kama kibakuli kidogo. Ni hicho kibakuli kinachofanya kazi yote. Butili ikibanwa inakosa pa kukimbilia inajaa mle na kuwa pete inayoizunguka boliti. Bila kibakuli ukikaza tu butili yote inakamuliwa nje na unabaki na utando mwembamba kama karatasi. Kitako cha nguzo nimekisafisha, nimebandika mkanda chini yake wote, na shingoni kwa kila boliti nimezungushia kaunzi ka butili nilikokasokota kwa vidole. Chini badala ya washa ndogo nimeweka bamba la stenlesi kubwa kama kiganja, nguvu igawanyike.

Mdogo wangu nje na bisibisi, mimi ndani. Nilimwambia neno moja tu nikalirudia, "Usiizungushe, bwana mdogo, shika tu, mi ndo nazungusha nati." Ukizungusha boliti unaipasua ile pete uliyoitengeneza. Akawa ananiambia kinachotokea juu, "inatoka kidogo upande wa omo, sasa inatoka pande zote", na hapo nikasimama. Sikukaza mpaka mwisho.

SIKU YA 20 MPAKA 23

Kila siku jioni robo mzunguko kila nati. Butili inatembea polepole hasa kukiwa na ubaridi, inabidi kuipa muda. Siku ya 23 imeacha kutoka, vyuma vimekaa, nimekata iliyofurika pembeni na kisu cha plastiki.

SIKU YA 24 MPAKA 27

Dirisha la kushoto. Ni kipande cha akriliki urefu sentimita 60 kimefungwa na skrubu moja kwa moja kwenye ukuta wa kebini. Nilivolitoa nikakuta matundu ya skrubu yamebana kabisa, na mawili yana nyufa. Sababu ni joto. Akriliki inatanuka kuliko faiba, kipande cha sentimita 60 joto likipanda nyuzi 30 kinaongezeka zaidi ya milimita 1. Kama skrubu imekibana hakina pa kwenda, kinapasuka au kinakata gundi, na kila siku jua likichomoza na kuzama kinarudia.

Akriliki mpya nimeikata kwa kufuatisha ya zamani, matundu milimita 7 kwa skrubu ya 5. Nafasi ya kuzibia nimeiacha nene, milimita 3, kwa kuweka vipande vidogo vya raba katikati visiruhusu kubanwa zaidi. Kizibio cha nje kikiwa chembamba hakina pa kunyumbukia. Hapa nimetumia silikoni, ndiyo, najua nimeisema vibaya, ila kwenye plastiki kwa faiba safi ndo mahali pake, na iwe ile isiyonuka siki, inayonuka siki inashambulia vyuma. Ukuta wa kebini nimeupiga msasa mpaka faiba mpya ikaonekana. Akriliki nimeiosha kwa maji na sabuni tu, asitoni inaitia nyufa ndogondogo na kuifanya nyeupe. Skrubu nimezigusisha tu, nikaacha siku mbili ikauke, ndo nikakaza kidogo.

Dirisha la kulia halivuji lakini lina matundu yaleyale. Nitalifanya, ila si sasa.

SIKU YA 28

Mlango wa juu wa omoni. Nimepaka chaki kwenye mdomo wote wa tundu, nikafunga, nikafungua, nikaangalia chaki imeacha alama wapi kwenye raba. Upande wote wa mbele hakuna alama. Raba imelala, imekuwa bapa. Nimeweka mpya ya sponji ile ambayo haipitishi maji (ibonyeze ndani ya kikombe cha maji uone, ikinywa sio), na maungio ya raba nimeyaweka katikati ya upande ulionyooka wa nyuma, kwenye kona yatafunguka. Chaki sasa inaacha mstari mzima bila kukatika.

Mlango wa kuteleza wa nyuma ulikuwa na majani makavu yameziba mfereji wake. Dakika tano.

Waya za mlingoti: nimetoa lile tundu lililojazwa silikoni, nimeweka bomba lililopinda shingo kama bata, waya inaingia ikitokea chini kwenda juu. Na ndani nimeiacha waya ining'inie kitanzi kabla ya kwenda kwenye swichi, tone likiifuata liishie chini ya kitanzi lidondoke kwenye ngama, lisifike kwenye umeme.

Skrubu ya mbao za kushikia: butili, kibakuli, kama nguzo.

SIKU YA 29

Bloa na sabuni tena. Nimezunguka mara mbili. Hakuna povu popote isipokuwa kwenye kadibodi yangu mwenyewe.

SIKU YA 33

Imenyesha. Na safari hii ni mvua yenye upepo, inapiga ubavuni, ile inayosukuma maji kupanda juu chini ya vitako. Saa nane usiku nimeamka nimeenda na tochi. Nimekaa ndani bila dari, sitaha iko wazi juu yangu, naona kila nati, na tishu kumi na mbili nimezibandika upya. Kelele ya mvua juu ya faiba ni kubwa mpaka husikii unachowaza. Nimegusa moja moja. Nguzo ya pili, kavu. Ya tatu kavu. Dirisha, kavu, nimepitisha kidole chini ya ukingo wote. Mlango wa omoni kavu. Nimerudi kwenye nguzo ya pili mara ngapi sijui.

Tishu ya kumi na moja ilikuwa na doa. Iko kulia, chini ya kile chuma kinachoshikilia waya wa mlingoti pembeni, ambacho kinapenya sitaha. Hakikutoa povu siku ya 5, na kwa mpira tulipita upande huo haraka. Nadhani najua kwanini: kile chuma kinavutwa. Upepo ukiusukuma mlingoti waya unakaza, chuma kinasogea kidogo sana, unafunguka ufa, na tukipima mashua imetulia ufa umefunga. Nimekaa nimeushika waya kwa mkono nje ya mlango nikauvuta kila upepo unapotulia, na kweli, nikiuvuta tone linakuja haraka zaidi.

SIKU YA 34 MPAKA 38

Nimelegeza waya wa upande huo baada ya kuufunga mlingoti kwa kamba mbili za akiba usije ukaniangukia, nikakitoa chuma chote mezani. Nilitaka kukiona kwa macho, hasa ile sehemu iliyokuwa imejificha ndani ya sitaha, baada ya kuona ile boliti iliyoliwa. Nimekipiga brashi nikakiangalia kwa kioo cha kukuzia: madoa ya kahawia mepesi, hakuna vishimo, hakuna ufa. Balsa pale ilikuwa kavu, tone lilikuwa bado jipya. Nimekwangua ubao kuzunguka mwanya, nimejaza epoksi, nimeukata mwanya upya na kunoa mdomo wake uwe kibakuli kirefu, butili nyingi, bamba la kufunikia juu. Kwa kitu kinachosogea butili ndo yenyewe, kigumu chochote kingepasuka tena.

Cha upande wa kushoto nimekifanya hivohivo siku ya 37 japo hakikuvuja.

SIKU YA 44

Mvua mbili zimepita, moja ndefu ya mchana kutwa. Katikati ya ile ya pili nilimweka mdogo wangu nje avute waya huku na huku. Tishu zote kumi na mbili kavu. Ngama nimeipangusa kwa kitambaa, kitambaa kimetoka na vumbi.

Dari sijairudisha na sitairudisha mpaka mashua ikae majini na mvua ipige ikiwa inaelea, kwa mlalo wake wenyewe. Skrubu ziko kwenye kopo, 64. Godoro nimelirudisha jana jioni, limekauka mpaka ndani, nimelilalia bila shuka.

Limebaki dirisha la kulia. Akriliki nimeshaikata.